Nyumba ya baba mdogo haijanyeshewa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi na mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Huu ni mwaka wetu wa tisa tukipanga Tabata, na kodi ya miezi sita tuliyolipa inaishia Desemba. Tumejibana, tumeweka akiba, benki imekubali kutukopesha kinachopungua kwa miaka 15, na kwa mara ya kwanza naona na sisi tutakuwa na kwetu.

Nyumba yenyewe iko Madale, kwenye mteremko. Aliyeijenga ni baba mdogo wa mume wangu. Hiyo ndiyo shughuli yake tangu astaafu: ananunua kiwanja, anajenga, anauza. Hii ni ya nne. Ina vyumba vitatu, kimoja masta, sebule kubwa, marumaru kila mahali, na lile paa la kuficha ambalo siku hizi kila mtu analitaka. Alianza msingi Mei mvua zilipokatika, Septemba akamaliza rangi. Anatuuzia milioni 120 na anasema mtu baki angelipa 135. Anaomba tumpe milioni 10 kabla ya mwisho wa mwezi huu wa Oktoba kuonyesha nia, maana kuna mteja mwingine kutoka Mwanza anampigia simu kila siku.

Tulipoenda mara ya kwanza niliipenda hadi nikatokwa na machozi sebuleni. Lakini mimi macho yangu yamezoea kuangalia vidonda. Juu ya dirisha la chumba cha watoto, upande wa bondeni, niliona ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha kwenda dari. Mlango wa chumba hicho haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Baraza la mbele, ambalo nalo linatazama bondeni, limeachana na ukuta. Kidole changu kidogo kinaingia. Na kwenye korido karibu na jiko, kwa nyuma, chini ya ukuta rangi ilikuwa imevimba na ina unga mweupe. Tuliporudi wiki mbili baadaye ule unga haukuwepo, pamepakwa rangi upya, na ufa wa dirishani umezibwa.

Fundi wa baba mdogo alinicheka kwa upole akasema, "Mama, nyumba mpya lazima ikae, nyufa hizo ni za lipu tu." Mume wangu akaridhika. Nilipomwambia jioni kwamba tulete injinia wetu aangalie, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Baba mdogo ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza. Nikimpelekea injinia ni kama nimemwita mwizi." Sina la kumjibu, kwa sababu ni kweli alimsomesha, na ni mzee ninayemheshimu.

Nyuma ya nyumba pia pananivutia. Kilima kimekatwa, pamejengwa ukuta wa matofali mrefu kunizidi hata nikinyoosha mkono, na pamebaki kiwanja cha kivuli ambapo watoto watacheza.

Nisaidie Shangazi. Je, nyufa hizi ni za kawaida? Nitamleta vipi injinia bila kuvunja undugu? Na hiyo milioni 10, tutoe?

Mama wa wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale ulipoandika kuhusu kiwanja cha kivuli. Kwa hiyo nianze na jambo ambalo hukuniuliza.

Ukuta ule wa nyuma si wa fensi. Unashikilia kilima. Ukuta wa fensi unabeba uzito wake na upepo, basi. Ukuta wa kuzuia udongo unasukumwa mchana na usiku, na mvua ikinyesha unasukumwa zaidi, kwa sababu udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, na maji yenyewe yaliyokosa njia yanaongeza msukumo wao. Wakati wa kiangazi ukuta dhaifu unaweza kusimama wima miezi mitano usione dalili yoyote. Nimekadiria majenzi hapa Dar es Salaam kwa miaka 26, nimepita Goba, Salasala, Madale, Kimara, kote huko kwenye vilima, na kuta za namna hiyo nimeziona zikilala chini baada ya usiku mmoja wa masika. Moja ililalia jiko la nje. Mama mwenye jiko alikuwa ameingia ndani kuchukua chumvi.

Ukirudi, uangalie ukuta huo kabla ya kuangalia kitu kingine. Je, umejengwa kwa mawe au zege, au ni matofali ya inchi 6 yaliyopangwa safu moja? Una nguzo za zege zenye nondo kila baada ya mita chache? Chini yake kuna matundu ya kutolea maji, yaani vipande vya bomba vilivyopenyezwa ukutani ili maji ya kilima yatoke badala ya kujikusanya nyuma? Kwa juu, kuna mfereji unaoyakatisha maji ya mvua yasishuke moja kwa moja nyuma ya ukuta? Fundi akiwa na timazi, aishushe kutoka juu aone kama ukuta umeanza kuinamia kwenu. Ukuta wa urefu unaousema, zaidi ya mita mbili, kama ni wa inchi 6, hauna nguzo wala matundu, kwangu mimi huo peke yake unatosha kusimamisha ununuzi mpaka uvunjwe na kujengwa upya kwa mchoro wa mhandisi. Ni gharama kubwa, na baba mdogo anapaswa kuijua kabla hamjazungumza bei.

Sasa nyufa.

Fundi hakukudanganya kabisa. Lipu mpya hukauka na kusinyaa, hasa ikipigwa juani bila kumwagiliwa maji, na hapo hutoka nyufa nyembamba kama nywele zinazotambaa ovyo kama utando wa buibui. Hizo hazina neno. Unazikwangua, unaziba, unapaka. Lakini ufa wako hautambai ovyo. Unaanzia kona ya dirisha na unapanda kimshazari, na kona za madirisha na milango ndizo sehemu ambapo ukuta ukivutwa huachia kwanza. Chanzo kinaweza kuwa renta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha, iliyo fupi na isiyokaa vizuri ukutani pande zote mbili. Kinaweza kuwa nyumba haikufungwa renta ya kuzunguka. Au msingi wa kona hiyo unashuka.

Kuna kitu umekiandika vipande vipande ambacho mimi ninakiona kama habari moja. Ufa uko upande wa bondeni. Mlango unaogoma uko upande wa bondeni. Baraza lililoachana na ukuta linatazama bondeni. Mwanangu, wewe ni muuguzi. Mgonjwa akikueleza homa, kichefuchefu na maumivu ya upande mmoja wa tumbo, utampa dawa tatu tofauti?

Kiwanja cha mteremko hutengenezwa kwa kukata na kujaza. Unakata udongo wa juu, unaumwaga chini, unapata tambarare. Nyumba ikisimama hapo, nusu yake ya nyuma imekaa kwenye udongo wa asili ulioshikana tangu enzi, na nusu ya mbele imekaa kwenye kifusi cha mwezi uliopita. Kifusi kisiposhindiliwa kwa tabaka nyembamba nyembamba, na msingi usiposhushwa mpaka ukakipita na kufika udongo wa asili, upande wa mbele utazama polepole huku wa nyuma umetulia. Nyumba inavunjika kiuno. Baraza lingekuwa limezama peke yake nisingeshtuka sana, kwani mabaraza mengi humwagwa juu ya kifusi bila msingi wa maana na kuyarekebisha ni kazi ndogo. Kinachonitia shaka ni dirisha na mlango kuungana nalo.

Sisemi nyumba inazama. Sijaiona, na mlango unaweza kugoma kwa sababu mbao haikukauka. Ninasema kuna njia za kujua, na nyingine hazihitaji pesa.

Ufa umezibwa, lakini kama ukuta bado unatembea utarudi, mara nyingi palepale. Mwombeni baba mdogo asizibe wala kupaka kitu chochote tena mpaka mmalize ukaguzi. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, lakini hiyo ni kwa mwenye nyumba. Kwa mnunuzi ufa ni ushahidi, acheni ubaki wazi. Ukitokea tena, piga mistari miwili ya penseli kuukatisha, mmoja karibu na mwanzo na mwingine karibu na mwisho, andika tarehe pembeni, upige picha. Rudini baada ya wiki mbili, kisha wiki nne. Jaribu kuingiza kadi yako ya benki: unene wake haufiki milimita moja. Isipoingia, na mistari haijasogea, nitapumua. Ikiingia na kucheza, au ukiukuta ufa uleule upande wa nje wa ukuta mahali palepale, basi hiyo si lipu, ni tofali lenyewe limepasuka. Angalia pia ni wapi ufa ni mpana zaidi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi ni kona ya nyumba inayoshuka.

Na kuna njia ambayo nimeitumia saiti nyingi kuliko nyingine yoyote: jembe. Ombeni ruhusa ya kuchimba shimo moja kando ya msingi, nje ya chumba cha watoto, upana wa kumtosha kijana kuinama, kina mpaka muone chini ya msingi. Kibarua mmoja, nusu siku. Msipite chini ya msingi na msiache shimo wazi likasubiri mvua. Angalieni, pigeni picha, fukieni na kushindilia siku hiyohiyo. Mnatafuta mambo mawili. Je, chini ya matofali ya msingi kuna zege pana lililomwagwa, au matofali yamekalishwa udongoni? Na udongo ule wa chini kabisa ni wa aina moja, umeshikana, au una mifuko ya nailoni, vipande vya marumaru na kokoto za zamani? Mkikuta nailoni chini ya msingi, hicho ni kifusi. Hakuna rangi wala marumaru itakayobadilisha hilo.

Ule unga mweupe wa kwenye korido ni chumvi, na wakazi wengi wa mji huu wanaujua kwa jina la "ukuta kuliwa". Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kuvimbisha rangi. Inatokea kama chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na juu ya msingi hapakuwekwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, au imewekwa ikatobolewa na vibarua. Wakati mwingine chumvi ilikuja na vifaa: mchanga wa pwani, au maji ya kisima cha chumvi, na visima vya namna hiyo tunavyo tele. Tofauti ni kubwa. Chumvi ya ukutani inaharibu rangi na lipu. Chumvi iliyoingia kwenye zege lenye nondo inaozesha nondo. Nondo yenye kutu hutanuka na kupasua zege kutoka ndani, na hilo huchukua miaka, wakati huo muuzaji ameshasahau hata sura yenu. Kwa hiyo muulizeni baba mdogo, kwa utulivu tu, maji ya kuchanganyia zege yalitoka wapi. Bomba la DAWASA, boza, au kisima?

Na kujua kama ukuta bado una unyevu si kazi. Kata kipande cha nailoni safi ukubwa wa daftari, kibandike chini ya ukuta ule uliopakwa upya, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Kumbuka hiyo korido iko nyuma, upande wa kilima, na kwamba hiyo ilikuwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza vizuri. Kama maji ya kilima yanapata njia chini ya nyumba wakati wa ukame, Aprili yatakuwaje?

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikera kuliko yote kuhusu nyumba hii. Msingi Mei, rangi Septemba. Nyumba hiyo haijawahi kunyeshewa. Haijaonja vuli wala masika. Kila mtu anayejenga Dar anapenda kujenga kiangazi, na ana haki, lakini anayejenga kiangazi na kutaka kuuza kabla ya mvua anamwachia mnunuzi kazi ya kugundua. Simwambii mtu kwamba baba mdogo amekusudia hivyo. Ninasema tu kwamba kalenda imekaa hivyo, na nyinyi mnaweza kuikalisha vingine.

Paa la kuficha ndilo la kwanza kuumbuka. Paa la kawaida la mgongo likipitisha maji pembeni, maji yanaangukia nje. Paa la kuficha limezungushiwa kuta fupi, bati zimelala karibu tambarare ndani yake, na mvua yote ya paa zima inakimbilia mfereji mmoja wenye tundu moja au mawili. Jani la mwembe likiziba tundu, mfereji unafurika, na maji yanaangukia ndani, juu ya dari yenu ya jipsamu. Pandeni juu na ngazi. Mfereji una mteremko kwenda kwenye tundu, au una mabonde ambamo maji yatatuama? Bati zimeingia ndani ya ukuta na kuzibwa vizuri, au kuna lipu tu ya kuficha pengo? Kuna tundu la dharura ukutani, la kutoa maji nje kama la kawaida likiziba? Kama halipo, litobolewe, ni kazi ya saa moja. Kisha leteni mvua wenyewe: zibeni matundu kwa vitambaa, jazeni mfereji maji kina cha vidole vitatu hivi, lakini msifike ukingo wa bati, yaacheni kwa muda wa saa nne au tano, mkae ndani mkitazama dari kwa tochi. Boza moja la maji ni bei ndogo mno ukilinganisha na dari ya nyumba nzima.

Mkiwa juu huko, chunguzeni mbao za kenchi kama zimetiwa dawa ya mchwa. Na nyuma ya zile kuta fupi mara nyingi tofali huachwa bila lipu. Hapo ndipo pa kulijaribu. Kwaruza kwa msumari. Likimomonyoka kama biskuti, mfuko mmoja wa sementi ulilazimishwa kutoa matofali mengi kuliko ulivyoweza. Mimi kwenye saiti zangu sikukubali zaidi ya 30 ya inchi 6 kwa mfuko.

Mengine nitayapitia haraka maana si makubwa. Gonga marumaru kwa sarafu, inayolia kama debe tupu haikushika. Fungueni mabomba yote pamoja na kuvuta vyoo vyote dakika 20, kisha funueni chemba muone kama maji yanakwenda. Mwagieni ndoo bafuni, maji yakimbilie tundu, yasikimbilie mlangoni. Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mumwombe aonyeshe waya wa ethi kwa macho yenu. Kama bondeni pana mto, pimeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Hati ifanyiwe upekuzi ofisi ya ardhi, na kibali cha ujenzi pamoja na michoro yake baba mdogo awaonyeshe. Madale ni Manispaa ya Kinondoni, kibali kinaweza kuthibitishwa huko.

Usije ukaniambia benki imeshatuma mtu. Watu wengi hujifariji hivyo, na inaniuma. Mthamini wa benki anakuja kujua nyumba ikiuzwa itarudisha pesa ya benki. Hachimbi shimo wala hapandi paani na maji.

Anayefanya hivyo kwa niaba yenu ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Asiwe rafiki wa baba mdogo, na asiwe fundi wa jirani anayeitwa injinia kwa heshima tu. Mwulize namba yake ya usajili, na mkubaliane kabla kwamba atawapa ripoti ya maandishi yenye sahihi na muhuri, inayosema nini amekiona, nini kirekebishwe, na kwa makadirio ya kiasi gani. Mnanunua kitu cha milioni 120 mtakachokilipa mpaka huyo wa darasa la tatu awe mtu mzima. Msione uchungu kumlipa mtu wa kukitazama. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, na lile la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mji mzima ulizungumza wahandisi kwa wiki kadhaa. Lakini tulizungumza maghorofa tu. Nyumba ya chini iliyo kwenye mteremko nayo inahitaji mhandisi, na ukuta wa kuzuia udongo unamhitaji zaidi.

Sasa baba mdogo. Mume wako ana sababu ya kunyamaza, na usimlaumu. Ada ya kidato cha kwanza ni deni ambalo halilipiki kwa pesa. Lakini linalipwa kwa heshima, halilipwi kwa kufumba macho. Wewe usiwe msemaji. Wewe ni mkwe, neno hilo likitoka kwako litasikika kama mwanamke mgeni anayemshuku mzee wa ukoo. Aende mume wako, peke yake, nyumbani kwake, jioni, na asiende mikono mitupu. Aanze na shukrani, na azimaanishe. Kisha aseme hivi au kwa maneno yake: "Baba, tunakopa miaka 15. Ninaomba baraka zako nilete mhandisi, gharama ni yetu, na ukipenda uwepo siku hiyo mtembee naye." Kumwalika awepo kunabadilisha mambo. Mzee aliyejenga nyumba nne anajua mengi, na mhandisi mzuri atamuuliza mengi: msingi ulishuka futi ngapi, kifusi kilishindiliwaje, zege lilimwagiliwa siku ngapi. Kama kazi ni nzuri, ripoti hiyo itamsaidia kuuza hata nyumba ya tano. Kama kuna kosa la fundi wake, ni afadhali alijue kwenye hii kuliko kwenye nyingine ambayo mtu baki atampeleka mahakamani.

Inawezekana kabisa hajui. Wazee wengi wanaojenga hivi humwachia fundi kila kitu na huja saiti kuleta sementi. Mimi ninamtazama hivyo mpaka nione vingine, na nanyi mtazameni hivyo.

Akikataa mhandisi asiingie, msinunue. Nalisema hili nikijua uzito wake kwa mume wako. Mtaendelea kumtembelea, mtaendelea kumpelekea sukari, ila nyumba hapana.

Milioni 10 msitoe sasa. Mteja wa Mwanza kama yupo, naye atahitaji kuiona nyumba. Baada ya ripoti, mkiendelea, mwende kwa wakili. Mali bila daftari huisha bila habari, na kati ya ndugu daftari linahitajika zaidi, kwa sababu ndugu hawezi kudaiwa kwa sauti. Andikeni kila kasoro iliyoonekana, nani ataitengeneza, kwa pesa ya nani, kabla ya tarehe gani. Na ombeni jambo moja ambalo kwenye mikataba ya ujenzi ni la kawaida kabisa: mwenye jengo hubakiza sehemu ya malipo ya mkandarasi kwa miezi 6 hadi 12, ili kasoro zinazojitokeza zirekebishwe. Nanyi bakizeni asilimia 10, yaani milioni 12, zikae kwa wakili mpaka mwisho wa Mei. Masika ikipita nyumba ikiwa kavu na mistari yako ya penseli haijasogea, baba mdogo anachukua pesa zake zote. Jambo hilo mwambieni mapema afisa wenu wa mikopo, ili malipo ya benki yapangwe kufuatana na mkataba.

Najua Desemba inakusukuma. Mwendeeni mwenye nyumba wa Tabata wiki hii mumwombe miezi mitatu au minne badala ya sita. Mpangaji wa miaka tisa asiye na ugomvi si mtu wa kufukuzwa, atawasikiliza. Ikibidi mlipe sita, lipeni. Vuli hiyo itakuwa imewaonyesha mengi.

Na Jumamosi mtakapokwenda kuchimba lile shimo, watoto waacheni kwa bibi yao. Kama hakuna wa kuwaachia, wacheze mbele, upande wa barabara. Nyuma pale wasikae, hata kama jua ni kali, mpaka mhandisi aseme ukuta ni salama. Kisha niandikie, uniambie chini ya msingi mmekuta nini.

Shangazi